Mradi wa taka wa shule: mtoto atengeneze nini, na kipi asiguse?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 10, wa kiume ana 6. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, uwanja na choo tunachangia na wapangaji wengine. Shule imewapa wanafunzi mradi: kila mmoja alete kitu cha manufaa alichotengeneza kwa taka za nyumbani. Mwaka jana tulitengeneza chombo cha maua kwa chupa za soda. Niseme ukweli, soda zenyewe nilizinunua ili nipate chupa, gundi na rangi vikanigharimu kuliko chombo cha dukani, na nusu ya kazi niliifanya mimi saa nne usiku mtoto kalala. Kilikaa wiki mbili tukakitupa. Mwaka huu binti ameona kwenye simu watu wanayeyusha chupa wanapata matofali, anataka tuyeyushe kwenye jiko la mkaa. Mdogo wake naye ameanza kuokota vitu kwenye jalala la mtaa. Mama mkwe kakasirika, anasema nawafundisha wajukuu zake uchokoraa. Mimi nataka wajifunze kweli, siyo maonyesho. Nianzie wapi, na kipi ni hatari? Mradi unatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo."

Marahaba, mwanangu. Hapo pa kununua soda ili upate taka nimecheka, kwa sababu nami nimepita njia hiyo hiyo. Nilifundisha Stadi za Kazi shule ya msingi kwa miaka mingi, na mwaka mmoja niliwasimamia wanafunzi wangu watengeneze vyombo vya maua vya chupa kwa ajili ya siku ya wazazi. Vilijaa meza nne. Wageni wakasifu, picha zikapigwa. Wiki ya pili yake nikapita nyuma ya madarasa nikavikuta shimoni vinaungua, moshi mweusi unaingia dirisha la darasa la pili. Hatukuwa tumepunguza taka hata moja. Tulizipaka rangi, tukazichelewesha siku kumi, tena tukaziongezea gundi.

Kwa hiyo unachokihofia kina msingi, ila kosa si lako wala la binti yako. Kosa liko kwenye namna tunavyoliuliza swali. Tunampa mtoto chupa tunamwambia, "Haya, tengeneza kitu." Mtoto anaitazama chupa, mzazi anaitazama chupa, na wote wawili wanaishia kwenye ua. Geuza swali. Mwambie azunguke nyumba atafute kinachokosekana au kinachowaudhi kila siku, akishakipata ndipo aende kwenye ndoo ya taka kuangalia kuna nini cha kuziba pengo hilo. Aliyekata tairi la gari akapata katambuga hakuanza kwa kuliwaza tairi. Alianza na nyayo zilizochoka kuchomwa na miiba.

Barua yako yenyewe imenitajia pengo moja bila wewe kujua: choo cha kuchangia. Nakisia kwamba pale mlangoni pa choo hapana mahali pa kunawia mikono, au kuna kopo ambalo kila mtu analishika kwa mkono uleule anaotoka nao ndani. Kama ndivyo, mradi wa binti umeshapatikana. Ni kibuyu chirizi. Jina linasema lilikotoka, kabla ya madumu kilikuwa kibuyu kweli, lakini siku hizi dumu la mafuta ya kula la lita 5 lenye kishikio linatosha, na hilo najua halikosekani kwenu wala kwa jirani.

Nitakueleza kazi yenyewe kwa karibu, maana humo ndimo mafunzo yalimo. Dumu lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na konzi ya mchanga, litikiswe mpaka mafuta yaachie. Upande wa mbele, mkabala na kishikio, binti apime kwa rula kama sentimita 12 kutoka kwenye kifuniko na aweke alama kwa kalamu. Hapo panatobolewa tundu moja la upana wa msumari. Msumari wa moto ushike wewe kwa koleo, tena nje. Fimbo ipite kwenye kishikio, ilazwe juu ya nguzo mbili zenye panda au ifungwe kwa kamba ukutani, dumu lining'inie. Kamba nyingine ifungwe shingoni mwa dumu ishuke hadi kwenye kijiti kilicholazwa chini, ncha moja ikigusa ardhi, nyingine ikining'inizwa na hiyo kamba. Maji yajazwe yaishie chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga kijiti, kamba inavuta shingo, dumu linainama, maji yanachirizika. Ukiachia, uzito wa maji unalirudisha wima. Sabuni mnaitia kwenye ule wavu wa vitunguu mnautundika pembeni. Hakuna anayeshika chochote kwa mkono mchafu isipokuwa sabuni, na sabuni inajiosha.

Sasa sikiliza jambo moja, na tafadhali usimwambie binti mapema. Siku ya kwanza kifuniko kikiwa kimekazwa, maji yatatoka, yatashikwa na kigugumizi, kisha yatakoma na dumu bado lina maji tele. Mwache ahangaike. Atasema tundu limeziba, atalizibua kwa njiti. Atasema kamba ni fupi, ataifunga upya. Huenda ikachukua nusu saa, na wewe utawashwa mikono kutaka kumwonyesha. Ikunje. Mwishowe mmoja wa watoto atakigusa kifuniko, kitalegea, na maji yatakuja. Hapo ndipo umuulize, "Kwa nini?" Maji yanapotoka yanaacha nafasi ndani ya dumu. Hewa iliyobaki inatandazika kwenye nafasi kubwa zaidi, msukumo wake unapungua, wakati hewa ya nje inaendelea kusukuma pale pale tunduni kwa nguvu zake zote. Ya nje inashinda, maji yanabaki ndani. Legeza kifuniko, au toboa kijitundu kingine juu yake, hewa ya ndani na ya nje zinakuwa sawa na maji yanaanguka kwa uzito wake. Mkumbushe kopo la maziwa mazito, ambalo hutobolewa matundu mawili ingawa maziwa hutokea moja. Somo hilo la mgandamizo wa hewa nililifundisha ubaoni miaka nenda rudi. Waliolielewa vizuri ni wale waliowahi kukasirishwa na dumu.

Kisha kuna maswali ambayo ua halina. Nani atajaza maji kila asubuhi? Maji machafu yanadondokea wapi? Yakituama mtapata tope na mbu, basi watafute kokoto au wapande mgomba pale. Mpangaji wa chumba cha pili akichukua sabuni, tunafanyaje? Kitu chenye manufaa kina matunzo, na mtoto akishakijaza maji wiki nzima atakuwa amejifunza zaidi kuliko kwa kukiunda.

Kuhusu wewe kumaliza kazi saa nne usiku: weka mpaka mmoja tu, kwamba mikono yako inagusa moto na makali ya kukatia, basi. Vingine vyote viwe vyao hata vikienda upande. Mtoto wa miaka 6 apewe mkasi butu, wa 10 anaweza kutumia msumari na nyundo ukiwa umekaa karibu, si ukiwa jikoni. Wembe usitumike kabisa, najua wanachongea penseli, lakini chupa ya plastiki inateleza na wembe unafuata kidole.

Tuje kwenye kuyeyusha. Binti yako hajasema jambo la kipuuzi, na usimjibu kana kwamba kasema. Kule Nairobi mhandisi Nzambi Matee alianzisha kiwanda cha matofali ya kutandika njia kwa kuchanganya plastiki na mchanga, na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likamtunuku miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Kule Lamu mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyorejelezwa, wakakivika vipande vya kandambili vya rangi zote, na mapema mwaka 2019 kikatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwonyeshe picha za vyote viwili. Halafu mwambie kilichokuwa nyuma ya picha: plastiki zilichambuliwa aina kwa aina, zikasagwa, zikapashwa moto kwa mashine, na si juu ya jiko la mkaa uani.

Sababu ni hizi. Plastiki si kitu kimoja. Pindueni vyombo vya nyumbani muone pembetatu ndogo yenye namba chini. Watu wengi wanadhani namba hiyo ni idadi ya mara unazoruhusiwa kutumia chombo, au daraja la usalama wake, na nimekutana na walimu wanaofundisha hivyo. Hapana, namba inataja aina tu. Chupa ya maji na soda ni 1. Dumu na chupa za shampuu mara nyingi ni 2. Bomba la PVC ni 3. Mfuko mlaini ni 4. Bakuli nyingi za plastiki ngumu na vifuniko ni 5. Mpe mdogo kazi ya kuzunguka nyumba akisoma namba, ataipenda. Aina ya 2 inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 130, ya kwanza inahitaji karibu 250. Mkaa uliokolea unapita hapo mbali sana na hauna kitufe cha kupunguza. Kwa hiyo moja ikianza tu kulainika, nyingine imeshaungua, na ikiungua inatoa moshi wenye sumu. Namba 3 ndiyo mbaya kuliko zote, moshi wake una asidi na kemikali zinazoitwa dioksini ambazo mwili hauzitoi upesi. Wale vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa skrepa wanavuta hiyohiyo, maana ganda la waya mara nyingi ni PVC. Tena tone la plastiki iliyoyeyuka likikuangukia halimwagiki kama maji ya moto. Linang'ang'ania ngozi na kuendelea kuchoma.

Kama hamu ya kuona plastiki ikibadilika haitaki kuisha, kuna jaribio salama. Wewe mwenyewe, chupa tupu ya maji ikiwa ndani ya karai, imiminie maji yaliyochemka. Itajikunja mbele ya macho yao kama jani lililopitishwa motoni. Kiwandani chupa hiyo ilianza kama kijichupa kinene kama kidole gumba, ikapashwa moto, ikapulizwa mpaka ikavutika na kupoa ikiwa bado imevutwa. Joto likirudi, nyuzi zake ndogo zisizoonekana zinajikunja zirudi zilikotoka. Jaribio hilo moja linajibu maswali mengi: kwa nini tusitie uji wa moto kwenye chupa ya maji, kwa nini chupa isifanywe kishikizi cha mshumaa. Rudia kwa dumu na bakuli la namba 5 waone tofauti.

Tofali lake anaweza kulipata bila moto. Achukue chupa ya lita 1.5 iliyokauka, ashindilie ndani yake karatasi za biskuti, pakiti za sabuni na vipande vya plastiki laini kwa mti, mpaka ukiiminya isibonyee. Kipimo ni mizani: chupa hiyo ikijazwa vizuri haipungui gramu 500. Muuza duka wa mtaani atawapimia. Chupa saba, moja katikati na sita kuizunguka, zikifungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ni kigoda cha kukalia mtoto, juu yake mto wa vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Ila nikwambie bila kupamba, kujaza chupa moja kunachukua siku nyingi, pakiti ikiwa na mabaki ya chakula itanuka, na jua kali linaila plastiki, kwa hiyo kigoda hicho ni cha ndani. Hata hivyo plastiki ile haijarejelezwa, imefungwa jela tu. Mimi bado nakipenda, kwa sababu mtoto aliyeshindilia pakiti miamoja na kitu kwa mkono wake anaanza kuhesabu biskuti anazokula. Kwa Ijumaa lakini hamtawahi.

Mama mkwe. Usigombane naye, kwanza kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Jalala la mtaa si mahali pa mtoto. Mle mna sindano, vigae vya chupa, nepi, panya waliokufa na vyombo vya dawa ambavyo hamjui vilibeba nini. Watu wazima wanaookota chupa wanafanya kazi halali na yenye faida kwa mji mzima, lakini hata wao wanahitaji buti na glavu. Sheria ya nyumbani iwe rahisi: taka tunazotumia ni zetu, tunazijua zilikotoka, na tunazitenga kabla hazijaingia kwenye ndoo ya uchafu. Weka boksi kavu pembeni ya jiko, na kazi ya kwanza ya mdogo iwe kulilinda boksi hilo. Akiwa na chake, jalala litamtoka akilini.

Nusu ya pili, mwombe bibi awe mwalimu. Muulize mbele ya watoto, "Mama, zamani mlitupa nini?" Kama kakulia pwani, atawaambia kwamba kwenye nazi hakikutupwa kitu: makumbi yalitoa kamba, kifuu kikawa upawa, chicha wakapewa kuku. Kama katoka bara atakuwa na habari za koroboi la kopo, za mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Hakuna aliyeuita uchokoraa. Nimeona wazee wakali kuliko mkweo wakiishia kukaa mkekani kumfundisha mjukuu kusokota kamba. Asipokubali, basi, mpishe tu, dumu litakapoanza kutoa maji atakuwa wa kwanza kunawa.

Sasa hatari, na hapa sitafupisha.

Kubwa kuliko zote si kisu. Ni chupa ya maji yenye kisichokuwa maji. Mtoto anajua chupa ile inanywewa. Mtu akiitia mafuta ya taa, au akinunua ile dawa ya kusafishia choo inayouzwa mtaani ikiwa kwenye chupa za maji, ametega mtego ndani ya nyumba. Ukiwafundisha watoto kutumia vyombo upya, fundisha siku hiyo hiyo kwamba kemikali haihamishiwi kwenye chombo cha kinywaji, kamwe, hata kwa siku moja, hata ukiandika juu yake. Na kinyume chake: chombo kilichobeba dawa ya wadudu au ya kuogeshea mifugo hakirudi jikoni, hata ukikichemsha. Rangi za majengo vilevile, makopo yake yasiwe ya kupandia mboga.

Betri. Waliosoma shule zetu za zamani wanakumbuka tulivyopasua betri za tochi, tukachanganya ule unga mweusi na majani na kupaka ubao. Nami nimepasua nyingi, na leo nisingempa mtoto hata moja. Ndani mna chumvi zinazounguza ngozi na macho, na unga wake si wa kuvutwa puani. Mbaya zaidi ni zile bapa kama kifungo, zilizomo kwenye rimoti, mizani ndogo na midoli inayoimba. Mtoto akipasua mdoli kutafuta magurudumu, hiyo ndiyo itakayodondoka, na inang'aa.

Tairi na makopo uani. Kila mtu sasa anapendekeza bustani ya tairi. Mbu anayeeneza dengue hahitaji kidimbwi, kifuniko cha chupa chenye maji kinamtosha, na kwenye joto letu yai linakuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hadi mbili. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na matairi ya uani ni miongoni mwa nyumba zake anazozipenda. Chombo chochote cha kupandia kitobolewe chini kabla ya kutiwa udongo. Kila Jumamosi mdogo apite kupindua vyote vinavyoshika maji.

Na makopo ya bati: mdomo uliokatwa ukunjwe kwa koleo na mtu mzima, upigwe nyundo ulale. Gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili ni toy nzuri kuliko nyingi za dukani, lakini mwanzoni mpeleke mtoto akakae nusu saa kwa fundi bati aone mtu anavyoshika bati bila kukatwa. Hilo simu haiwezi kumfundisha.

Kwa mdogo nina pendekezo tofauti kabisa na chupa. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu za mijini ni maganda, mabua na mabaki, vitu vinavyooza, na ndivyo vinavyonukisha ndoo. Mtafutie ndoo iliyopasuka, itobolewe chini na ubavuni, iwe yake. Konzi moja ya maganda ya ndizi, viazi au mizizi ya mchicha, konzi mbili za majani makavu au boksi lililochanwachanwa, maji ya kunyunyiza tu mpaka iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vitaleta panya. Akoroge kila baada ya siku mbili. Ikinuka kama yai bovu maana yake hewa imekosekana, vijidudu vizuri vimekufa na vingine vimechukua nafasi, basi aongeze makavu na akoroge. Kwenye lundo kubwa katikati pangeweza kuchoma mkono, kwenye ndoo mtapata uvuguvugu tu, lakini kwa mtoto wa miaka 6 kutia kijiti ndani na kukitoa kikiwa na joto ni maajabu tosha. Miezi miwili mitatu mtakuwa na mboji. Achanganye na udongo kwenye kiroba, apande mchicha, na wiki ya tatu au ya nne mtaula. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo linalopunguza taka kweli, na ndilo shule husahau kwa kuwa halipendezi mezani.

Kuuza chupa pia ni njia, msiidharau. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Mpe binti hesabu hiyo na bei ya mnunuzi wenu, afanye mwenyewe mgawanyo. Ataona fedha yake ni ndogo, na ataona pia kwa nini mtu anatembea kutwa na kiroba begani.

Lini uache kusoma majibu kama haya na utoke nyumbani? Mtoto akimeza betri bapa, au hata ukishuku tu, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo. Inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa mbili, na mara nyingi mwanzoni mtoto hana dalili. Usimtapishe. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa kama tulivyozoea, maana yakipanda yanaweza kushukia mapafuni na huko ndiko yanakoua. Mbebe na chupa yenyewe uende. Kemikali ikimwingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au 20 kwanza, ndipo muondoke. Akiungua kwa plastiki ya moto, tia maji ya bomba na usiibandue iliyoganda, watabandua wao. Akikatwa na bati, osha kwa sabuni na uende na kadi ya kliniki, waangalie chanjo ya pepopunda. Watu husema kutu ndiyo huleta pepopunda, lakini vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na vumbi, kwa hiyo hata bati jipya linalong'aa likiwa limeanguka chini lihesabu.

Kuhusu Ijumaa. Tengenezeni Jumamosi hii ili dumu liwe limefanya kazi siku tano kabla halijaenda shule. Lisipakwe rangi. Liende na mikwaruzo yake na wavu wa sabuni iliyokwisha nusu, pamoja na karatasi moja aliyoiandika binti mwenyewe: nini kilikuwa kinakosekana, alijaribu nini, nini kilikataa, na kwa nini. Ukipata nafasi, mwendee mwalimu wake kabla, umwambie kwa adabu kwamba mwaka huu mtaleta kitu kisicho na urembo. Walimu wengi watafurahi. Akishikilia kwamba anataka kitu cha kupendeza, msimfanyie ubishi mbele ya mtoto, binti abandike ua la karatasi kwenye dumu na maisha yaendelee. Ila lisilale shuleni. Lirudi Ijumaa hiyo hiyo jioni, maana kufikia hapo wapangaji wenzako watakuwa wanaliulizia.